Nimefungua belo la viatu vya mitumba hapa soko la Kibuye, Kisumu, nikakuta vitu vyenye meno. Nani anajua ni nini?

MamaBelo · Jumapili, saa 1:40 jioni

Wadau, habari za jioni. Leo nimefungua belo la viatu vya watu wazima, vile vizito vya baridi, limetoka Kanada. Wa kamera, wale wanaochagua vizuri vya kwanza, walikuja alfajiri wakachukua vyao wakaenda. Chini kabisa, kwenye fagia, yale mabaki ya mwisho, nikakuta jozi ya vitu ambavyo sijawahi kuona tangu nianze kuuza mwaka wa 2009.

Si kiatu, si ndala. Ni fremu ya bomba jepesi la alumini, nimepima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 63 kwa 20. Katikati imetandikwa kitu kama turubai gumu jeusi. Kuna mikanda ya mpira ya kufunga mguu, na chini, mahali vidole vinapokaa, kuna meno ya chuma. Yameshanikata kidole. Nyuma ya kisigino kuna waya mnene unaoinuka na kulala, klak, klak. Ubavuni imeandikwa 25. Nilidhani ni saizi, lakini mguu wa 25 sijauona hata kwa shemeji zangu.

Picha inakataa kupanda, bando limeniishia. Hii ni nini, na niuze ngapi?

FundiKondele · saa 1:52 jioni

Hicho ni kianikio cha omena, wale dagaa wa ziwani. Nakupa 300 kwa zote mbili.

JaDunga · saa 1:58 jioni

Omera, omena gani utaanika kwenye turubai lisilo na matundu? Zitaoza. Mimi naona ni raketi ya wazungu, mchezo fulani.

FundiKondele · saa 2:01 usiku

Raketi yenye mikanda ya mguu?

JaDunga · saa 2:03 usiku

Wazungu huwajui wewe.

Menengai_Juu · saa 2:30 usiku

Mama, usimpe Fundi kwa 300. Hivyo ni viatu vya theluji. Havivaliwi peke yake, unavaa buti lako kisha unajifunga hivyo chini yake. Hiyo 25 ni urefu kwa inchi, ndizo hizo sentimita 63 zako. Mtu wa kilo 75 au 80 na mzigo wake anatosha hapo. Mnene zaidi anachukua 30.

Nimekaa New Hampshire, Marekani, miaka minne nikifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nimevivaa hadi miguu ikaniuma. Sasa niko Nakuru, Section 58. Uliza chochote.

MamaBelo · saa 2:34 usiku

Asante ndugu yangu. Sasa vinasaidia nini? Mtu akiwa na buti si anatembea tu?

Menengai_Juu · saa 3:05 usiku

Umewahi kupita vinu vya mpunga pale Ahero, ukaona yale marundo ya makapi? Mtoto akiruka juu yake anazama hadi magotini. Theluji iliyoanguka usiku kucha ndivyo ilivyo. Kwa macho ni uwanja mweupe, imara, kumbe ni hewa tupu iliyochanganywa na barafu kidogo. Ukikanyaga kwa buti, mguu unazama hadi kwenye paja. Unauvuta, unakanyaga tena, unazama tena. Mita mia moja hivyo na umekwisha.

Wayo wa buti una kama sentimita mraba 300. Hiyo fremu yako ina zaidi ya 1,000. Uzito wako ni ule ule ila umetandazwa, basi badala ya kuzama paja unazama kidogo tu. Hamna uchawi, ni ubao juu ya makapi.

Meno ni ya kung'ata pale theluji imekuwa ngumu kwenye mteremko. Na huo waya wako wa klak klak ndio ninaoupenda kuliko vyote. Ukifika kwenye mpando mkali unauinua, kisigino kinakaa juu yake kama umevaa viatu vya mchuchumio, na misuli ya nyuma ya mguu inapumua. Wa kwanza kubuni huo waya Mungu ambariki.

Kutembea kwenyewe kuna adabu zake. Unapanua miguu kidogo kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Ukikanyaga fremu ya kulia kwa ya kushoto unaanguka kifudifudi, na mimi nimefanya hivyo mbele ya watoto wa shule. Kurudi nyuma usijaribu, mkia unachimba chini unakaa matako. Geuka kwa duara. Na vifungo vya mikanda vikae upande wa nje, ndivyo utajua upi wa kulia na upi wa kushoto.

ShosiNjoro · saa 3:20 usiku

Mjukuu wangu, ulitoka Nakuru kwenye jua na viazi ukaenda kutembea kwenye friji?

Menengai_Juu · saa 3:24 usiku

Shosho, nilitaka kuona 🙂

KijanaAnnex · saa 3:31 usiku

Si hivi ndivyo Philip Boit alitumia? Yule wetu wa huku Bonde la Ufa, alienda Olimpiki ya baridi.

Menengai_Juu · saa 3:40 usiku

Hapana kaka. Boit alitumia zile mbao nyembamba za kuteleza. Nagano, Japani, 1998, kilomita 10, akamaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia amkumbatie, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Mbao zinateleza, hivi havitelezi. Kule njia ya mbao ikishachorwa vizuri, wewe wa viatu hivi usiikanyage, tembea pembeni. Watakununia.

Na wa buti tupu wananuniwa zaidi, kwa sababu wanaacha mashimo yanayoganda usiku, kesho mwingine anavunjia mguu humo. Kule Adirondack, jimbo la New York, kwenye vilele virefu ni sheria kabisa: theluji ikizidi inchi 8, kama sentimita 20, uwe na viatu hivi au mbao.

Mwalimu_Mbale · saa 3:55 usiku

Kijana, hayo ya vifaa tumeyaelewa. Tupe safari yenyewe. Ulipanda mlima gani?

Menengai_Juu · saa 4:48 usiku

Sawa mwalimu, ila ni ndefu, na sehemu kubwa ni aibu yangu.

Unaitwa Moosilauke. Kabla hamjashtuka na jina, urefu wake ni mita 1,464. Nakuru mjini, pale stendi ya matatu, tuko kwenye mita 1,850 hivi. Yaani kilele chao kiko chini ya stendi yetu! Nilicheka nilipoambiwa. Mimi nimekimbia kupanda ukingo wa Menengai, mita 2,278, kila Jumamosi tangu niko fomu two. Nikamwambia mzee mwenzangu wa kazini, aliyekuwa ananipeleka, kwamba hicho si mlima, hicho ni kilima cha kuchungia mbuzi. Hakunijibu. Alikuwa na miaka 61, mwembamba kama kijiti.

Ilikuwa Januari. Tulianza kukiwa na giza, nyuzi 19 chini ya sifuri. Kule Januari jua linatua kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hivyo mnakubaliana mapema saa ya kugeuza, na ikifika mnageuza hata kama kilele mnakiona. Tulisema saa saba mchana.

Nilivaa hivi: fulana ya pamba yenye bendera ya Kenya, kwa uzalendo, kisha sweta la pamba, kisha koti kubwa jipya lililojaa manyoya ya bata, nililolikatia jasho mwezi mzima. Yule mzee alivaa fulana moja nyembamba ya sufu ya mikono mirefu na kizibao cha upepo. Basi. Akaniangalia akasema nivue koti, kwamba dakika kumi za kwanza mtu anatakiwa asikie baridi, asiposikia amevaa kupita kiasi. Nikajiambia mzungu anataka kuniua.

Msituni ni kimya ambacho sijakisikia popote. Misonobari imebeba theluji mpaka matawi yamelala. Unachosikia ni krrp, krrp ya meno na pumzi yako. Njia haikuwa imefunguliwa tangu theluji ya juzi yake, na anayetangulia ndiye anayefanya kazi ya wote, nyuma wanafuata kwenye nyayo zake. Kwa hivyo mnapokezana: ukichoka unakaa pembeni, wenzako wanapita, unashika mkia. Mimi sikutaka kupokewa. Damu ya Bonde la Ufa ilikuwa inachemka, nikafungua njia karibu saa nzima peke yangu, nikipanda kama ninakimbizwa. Mzee aliniambia mara mbili nipunguze mwendo. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kiunoni, nami nalihesabu kama sifa.

Katikati nikatoka njiani kwenda haja ndogo. Hatua nne tu. Ya tano ardhi ikafunguka nikazama hadi kifuani. Vijiti vichanga vya misonobari hufunikwa na theluji vikiwa vimesimama, na chini ya matawi yake kunabaki uwazi. Juu kumesawazika kama meza, chini ni shimo. Fremu zikanasa kwenye matawi, sisogei. Mzee alilala kifudifudi akachimba kwa mikono mpaka akafikia mikanda. Dakika kama kumi na tano hivi. Kola na mikono yote ikajaa theluji, ikayeyukia ndani kwenye lile jasho.

Tukakaa kula. Hapo ndipo palipo na kisa. Tulipokuwa tunatembea nilikuwa tanuri. Tulipokaa, ndani ya dakika tano fulana yangu ya bendera ikawa bamba la baridi lililonibana mgongo. Pamba ikilowa haikauki upesi, inakushikia maji mwilini, na maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Koti la manyoya nalo lilikuwa limelowa kwa ndani, manyoya yameshikana kama kuku aliyenyeshewa. Nikaanza kutetemeka. Nikataka kufunga zipu, vidole vinaishika lakini havijui vimeshika nini. Mzee akaniuliza kitu, nikajibu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mimi niliona nimesema vizuri tu. Yeye alisikia mlevi.

Nikakasirika pia, mjue. Nilitaka kuendelea. Kilele kilikuwa kama kilomita moja mbele, tulishafika mahali miti inakuwa mifupi kama ua. Mzee hakubishana. Alifungua mfuko wake akatoa fulana kavu ya sufu, akaniambia vua. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na upepo, nikavua kila kitu juu. Ile fulana ya bendera aliiweka juu ya mfuko; alipoishika tena kuikunja ilikuwa imesimama wima kama kadibodi. Akanivalisha kama mtoto, akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi kutoka thamosi, akageuza pua za viatu vyake kuelekea chini.

Sijawahi kufika kilele cha Moosilauke.

ShosiNjoro · saa 5:02 usiku

Huyo mzee Mungu amweke.

JaDunga · saa 5:06 usiku

Kwa hivyo jasho ndilo lilitaka kukuua, si theluji.

Menengai_Juu · saa 5:11 usiku

Ndilo hilo, JaDunga. Kule mtu hatembei apate joto, anatembea asitoe jasho. Unavua kabla hujalowa, unavaa kabla hujapoa. Ukiona mwenzako anajikwaa, anagugumia, anagombana bila sababu, usimwulize kama yuko sawa, atakwambia yuko sawa. Na akiacha kutetemeka bila kupashwa moto, hapo omba msaada haraka, mwili umeshakata tamaa.

Mwalimu_Mbale · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimeisoma mara mbili. Swali dogo: maji ya kunywa hayagandi?

Menengai_Juu · saa 12:45 asubuhi

Yanaganda mwalimu. Mpira wangu wa kunywea maji kutoka mfuko wa mgongoni uliganda dakika ishirini za kwanza. Wenyeji wanabeba chupa ya mdomo mpana, wanaiweka kichwa chini miguu juu. Barafu inaanza kuganda sehemu ya juu ya maji, kwa hivyo chupa ikipinduliwa, inagandia kwenye kitako na mdomo unabaki wazi. Chokoleti nayo ilikuwa tofali, ukiiuma unaacha jino.

Chorlim_Endebess · saa 1:15 asubuhi

Habari zenu. Mimi napeleka watu Mlima Elgon kutoka upande wetu wa Trans Nzoia, nimezaliwa karibu na lango la Chorlim. Theluji ya kuzama magotini hatuna. Lakini hicho kisa cha fulana nimekiona kwa macho yangu, na si mara moja.

Mtu anatoka Eldoret au Nakuru na fulana za pamba tatu na jeans. Asubuhi jua linawaka, anapanda mbio, analowa. Saa nane mchana wingu linashuka juu ya zile lobelia kubwa, mvua ya mawe inamwagika, uwanda wote unakuwa mweupe nusu saa. Koitobos ni mita 4,222. Hapo jeans iliyolowa ni chuma. Mwaka juzi kijana mmoja mwenye misuli, mcheza raga, alianza kunicheka bila sababu, halafu akakaa kwenye jiwe akasema analala kidogo tu. Tulimshusha tukiwa watatu.

Kwa hivyo Mama, mimi viatu vyako sivihitaji. Nataka kujua kama una zile fulana za sufu.

MamaBelo · saa 1:50 asubuhi

Wee! Zile zinazowasha? Zinakuja kwenye belo la sweta, nyembamba, za mikono mirefu, rangi za huzuni. Hakuna anayezitaka. Nauza 50, zikibaki nawapa wanaofuta vyombo vya moto. Watu wanataka pamba nzito, wanasema ndiyo yenye joto.

Chorlim_Endebess · saa 1:53 asubuhi

Mama, acha kuwapa wafutaji. Unazijuaje lakini? Maana sokoni kila kitu kinaitwa sufu.

MamaBelo · saa 2:10 asubuhi

Mwanangu, hii ndiyo kazi yangu. Kwanza naipitisha shingoni, si mkononi. Mkono umeshakufa kwa kazi, shingo haidanganyi. Pamba inapoa hapo, polista inateleza, sufu inachonyota kidogo halafu inapata joto. Nikiwa na shaka navuta uzi mmoja nachoma kwa kiberiti. Polista inayeyuka inakuwa shanga nyeusi ngumu. Pamba inanuka karatasi. Sufu inanuka nywele zilizoungua kule saluni, na jivu lake linavunjika ukilifinya.

Zile bora haziwashi sana, zina lebo yenye kichwa cha kondoo au imeandikwa merino. Nikiangalia hapa nilipo ninazo saba. Moja ya kijani, nzuri.

Menengai_Juu · saa 2:18 asubuhi

Mama, hizo merino dukani kule nililipa zaidi ya shilingi elfu nane kwa moja. Na wewe unazitolea 50. Nimekaa chini.

MamaBelo · saa 2:19 asubuhi

Bei imepanda.

FundiKondele · saa 2:25 asubuhi

😂😂 Menengai umeharibu soko.

KijanaAnnex · saa 3:00 asubuhi

Na Mlima Kenya je, viatu vya theluji vinafaa?

Menengai_Juu · saa 3:22 asubuhi

Sijaona sababu. Theluji ikianguka juu haikai ikawa nene ya kuzama, na ile barafu ya miaka yote ni ngumu kama sakafu. Huko unahitaji meno marefu ya kufunga chini ya buti, na mtu anayejua. Pia ukiwa kwenye theluji nene ya kweli, nchi za watu, mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoporomoka. Usiupite kwa sababu tu viatu vinakubeba.

JaDunga · saa 4:05 asubuhi

Mimi nina wazo. Magugu maji yamefunga ufuo huku Dunga, mashua haitoki. Kama hivi vinatandaza uzito, si ninaweza kutembea juu ya magugu hadi kwenye nyavu zangu?

Menengai_Juu · saa 4:09 asubuhi

JaDunga, USIJARIBU. Theluji chini yake kuna ardhi. Magugu chini yake kuna ziwa. Ukipenya, mguu umefungwa kwa mikanda mitatu kwenye sahani pana. Mimi kwenye theluji nilishindwa kuifungua nikiwa napumua.

Mwalimu_Mbale · saa 4:15 asubuhi

Naunga mkono. Hata kwa matope sishauri. Matope yananyonya.

JaDunga · saa 4:16 asubuhi

Nimesikia.

MamaBelo · Jumanne, saa 11:30 jioni

Taarifa. Jana mchana JaDunga alikuja sokoni na shilingi 500 ya amana, akasema anataka kumwonyesha mkewe tu. Leo vimerudi. Kimoja hakina mkanda wa nyuma, na vyote viwili vimejaa udongo mweusi hadi ndani ya ule waya, hauinuki tena.

JaDunga · saa 11:41 jioni

Magugu sikuyagusa, naapa. Nilijaribu kwenye matope ya ufuoni. Hatua tatu za kwanza nilikuwa Yesu. Ya nne Mwalimu akawa na haki. Walinivuta watu watatu, mguu ukatoka, mkanda ukabaki.

FundiKondele · saa 11:44 jioni

Leta hapa nichomelee, waya huo ni kazi ya dakika tano. Halafu ile 300 yangu bado ipo.

Chorlim_Endebess · saa 11:50 jioni

Mama, zile saba niwekee. Natuma pesa kesho, nauli ya mzigo hadi Kitale juu yangu.

MamaBelo · saa 12:25 jioni

Ni sita. Leo mvua imenikuta Kibuye bila turubai, ile ya kijani nimeivaa mwenyewe. JaDunga, 500 yako hairudi.